Anayesema "kula" badala ya "kura" hana ulimi mzito

Mzazi akimleta mtoto anayechanganya r na l, neno ni hilo. Mwalimu akiandika maoni kwenye ripoti ya mwanafunzi, neno ni hilohilo: "Ana ulimi mzito." Kisha zinafuata tiba. Akatwe utando ulio chini ya ulimi. Arudie "ra, ra, ra" mara mia mbele ya darasa. Acheze ngoma ya kuchekwa mpaka azoee. Inauma kuona watoto wanavyoadhibiwa kwa kosa ambalo ulimi wao haukutenda.

Tuanze na Waganda, wasemaji wa Luganda nchini Uganda. Mganda akitaja kazi husema omulimu, kwa l. Kazi zikiwa nyingi husema emirimu, kwa r. Kanuni yenyewe ni nyepesi: baada ya i na e hutoka r, kwingine hutoka l. Mtoto wa miaka minne anaifuata bila kufundishwa na mtu. Ulimi wake, basi, unatoa sauti zote mbili kutwa nzima, kila moja mahali pake. Ila ukimpa kura na kula za Kiswahili, anazichanganya. Huo uzito wa ulimi umetokea wapi?

Kinachotofautiana ni hesabu ya akilini. Kwa Mswahili, r na l ni fonimu mbili, yaani sauti mbili zinazotenganisha maneno. Ukibadilisha moja, mahari inageuka mahali na karamu inageuka kalamu. Kwa Mganda ni fonimu moja yenye alofoni mbili, yaani namna mbili za kuitamka sauti ileile, na hakuna neno hata moja la kwao linalomlazimu kuzitenganisha. Mkikuyu naye ana r pekee, l haimo katika fonimu za lugha yake. Akili haihifadhi sauti kama kinasa sauti. Inazipanga katika makundi yenye kazi, na tofauti isiyo na kazi inaachwa ipite.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1957 Alvin Liberman na wenzake wa Haskins Laboratories, maabara ya utafiti wa usemi nchini Marekani, walitengeneza kwa mashine silabi zinazosogea kidogokidogo, kwa hatua zilizo sawa, kutoka b hadi d hadi g. Wasikilizaji hawakusikia msogeo huo. Walisikia b, b, b, kisha ghafla d. Hatua mbili zilizoangukia kundi moja ziliwapa shida kuzitofautisha. Hatua mbili zilizovuka mpaka zilitofautishwa kwa urahisi. Mwaka 1997 Risto Näätänen na wenzake walipima mawimbi ya ubongo ya Wafini na Waestonia kwa irabu õ, iliyomo katika Kiestonia na haimo katika Kifini. Ubongo wa Waestonia uliitikia kwa nguvu zaidi, ingawa hakuna aliyeambiwa asikilize. Mwitikio wa aina hiyo hujitokeza ndani ya robo sekunde. Uamuzi umeshapita kabla ulimi haujaitwa kazini.

Na makundi haya hujengwa mapema mno. Patricia Kuhl na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, walipima watoto wachanga wa Kijapani na wa Kimarekani kwa r na l za Kiingereza. Wenye miezi 6 hadi 8 walizitofautisha kwa kiwango kilekile. Kufikia miezi 10 hadi 12, Wamarekani walikuwa wamepanda na Wajapani wameshuka.

Anayemcheka mwenzake kwa r na l ajipime kwanza. Mombasa na Lamu, kaa wa baharini hutamkwa kwa mpumuo (pumzi inayosikika baada ya k) na kaa la moto hutamkwa bila mpumuo, wala wenyeji hawakosei. Wasemaji wengi wa bara hawaisikii tofauti hiyo kabisa, na tahajia yetu haiwasaidii. Hata wa pwani ana yake. Weka kidole kwenye koo, useme ubao halafu mbao, polepole. Katika ubao, koo hushuka kidogo na b huvutwa ndani. Katika mbao halishuki. Ni sauti mbili, nasi sote tunaapa kuwa ni b moja.

Kabla ya kumfunza mtu, pima sikio. Andaa jozi 20: kumi za mlinganuo finyu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu (kura/kula, hari/hali, rika/lika), na kumi za neno moja lililorudiwa. Funika mdomo wako kwa karatasi, maana wengi husoma midomo. Uliza tu: sawa au tofauti? Kupata 10 ni kubahatisha. Anayepata 18 au zaidi anasikia vizuri, na huyo ndiye wa kufundishwa ulimi: kwa r ncha inagonga ufizi na kuachia papo hapo, kwa l ncha inakaa ufizini na hewa inapita pembeni. Mtoto anayekosa hata jozi ambazo lugha ya nyumbani inazitenganisha apimwe masikio hospitalini. Anayevuruga sauti nyingi hata katika lugha ya mama aonwe na mtaalamu wa matamshi. Wengine wote, na ndio wengi, wanahitaji mazoezi ya kusikiliza.

Mazoezi yenyewe: rekodi maneno kwa sauti za watu wasiopungua watano, wake kwa waume. Mwanafunzi asikie neno moja, achague kati ya mawili, aambiwe papo hapo kama amepata, na akikosa asikilize tena. Dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatosha kuanza nazo. Mwalimu akitumia sauti yake peke yake, mwanafunzi atamjua mwalimu, hatajua r. Akikaza r kama pikipiki, mwanafunzi atashika mkwaruzo huo, ilhali katika mazungumzo r kati ya irabu mara nyingi ni pigo moja tu la ncha ya ulimi, jirani kabisa na l. Na akianza na kutamkisha, atazaa kosa jipya: mtoto ataanza kusema rakini na kuomba karamu ya kuandikia.

Wapo wanaosema mtu mzima hawezi tena. Si kweli. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni waliwafunza Wajapani watu wazima r na l za Kiingereza kwa sauti za wasemaji kadhaa, na majibu sahihi yakapanda kutoka takriban asilimia 78 hadi 86. Bradlow na wenzake, mwaka 1997, walionyesha kwamba mafunzo ya kusikiliza peke yake yaliboresha hata matamshi.

Wapo wanaosema ni elimu ndogo. Mwaka 1999 Emmanuel Dupoux na wenzake waliwasikilizisha Wajapani neno la kubuni ebzo, nao wakasikia u katikati: ebuzo. Wafaransa hawakuisikia. Sikio lililozoea silabi wazi, zinazoishia kwa irabu, hujaza irabu lenyewe, kama Kiswahili kilivyoipata kilabu kutoka club ya Kiingereza.

Na wapo, hasa walimu wa darasa la kwanza, wanaodhani kila mtu huzisikia sauti mojamoja kama herufi ubaoni. Mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwaomba Wareno watu wazima wasiojua kusoma waondoe sauti ya kwanza ya neno. Wengi walishindwa, ilhali waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Uwezo wa kuchambua neno sauti kwa sauti huletwa kwa sehemu kubwa na alfabeti yenyewe. Kwa hiyo usimwulize mtoto asiyesoma bado "bata linaanza na sauti gani?" ukitegemea aseme b. Anza na ba, be, bi, bo, bu, mwache acheze na silabi, kisha umwonyeshe kinachobaki kilekile katika zote tano.