Wakija kukuuliza unavuta nini, unakunywa kiasi gani na umekula nini

Ipo siku mdodosaji atapiga hodi kwako hapa Tanga, iwe Makorora, Chumbageni au kule Chongoleani, kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi, anataka kujua habari za sigara, pombe na chakula chako, na najua wengi la kwanza kuwaza ni "hawa wametumwa na TRA kutafuta kodi nini?" Hapana jamani, hawa ni watu wa afya na takwimu. Mimi kazi yangu ndo hiyo ya kuandaa maswali na kuyasafisha majibu yakirudi, na nawaambia ukweli majibu mengi yanarudi yamepinda, siyo kwamba watu ni waongo sana (wapo), ila maswali yenyewe magumu kuliko yanavyoonekana.

Chukua tumbaku. Mwaka 2018 ulifanyika utafiti wa nchi nzima kwa watu wa kuanzia miaka 15, ikaonekana asilimia 8.7 wanatumia tumbaku, kama watu milioni 2.6, wanaume asilimia 14.6 na wanawake 3.2. Angalia hapo, wanatumia, maana mzee ukimuuliza unavuta sigara atakujibu sivuti mwanangu na ni kweli havuti, ila ugoro uko mfuko wa kanzu, na bibi wa nyumba ya pili tambuu yake ina tumbaku ndani na yeye haihesabu kabisa. Ndo maana tunauliza sigara peke yake, shisha peke yake, ugoro peke yake, ya kutafuna peke yake, inachosha lakini vumilia tu.

Halafu zikaja hizi vepu, sigara za kielektroniki. Sigara angalau ina idadi, mtu anajua leo nimevuta nne, lakini vepu kijana anapiga pafu mbili anarudisha mfukoni, baada ya dakika kumi tena, ukimuuliza mara ngapi kwa siku anacheka. Kwa hiyo bora umuulize hicho kidude kinamaliza siku ngapi, na asubuhi akiamka anakaa dakika ngapi ndo anavuta. Hilo la dakika watu huliona la kipuuzi ila mimi ndo nalipenda kuliko yote, kwa sababu anayevuta ndani ya dakika 5 tangu afungue macho huyo nikotini imeshamshika vizuri, hata kama atakuapia kwamba ile ni ladha ya embe tu. Nyingi zenye ladha ya embe zina nikotini.

Pombe sasa, hapa ndo patamu. Kila mtu anakunywa "mbili tatu". Mbili tatu za nini? Shirika la Afya Duniani kipimo chake kimoja cha pombe ni gramu 10 za kilevi chenyewe. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani chupa moja ni vipimo viwili, na chupa tatu zinakaribia gramu 60, na gramu 60 kwa kikao kimoja ndo mstari wa kuhesabiwa umekunywa kupindukia. Mtu wa chupa tatu za Jumamosi kwa hesabu zake yeye ni mstaarabu kabisa!

Na hiyo ni bia, imeandikwa asilimia yake kwenye chupa. Mnazi je? Mgema akishusha asubuhi ni mtamu, ukikaa mpaka jioni umeendelea kuchacha wenyewe na umekuwa mkali, kwa hiyo chupa ile ile moja haina kilevi kile kile. Mdodosaji mzuri atakuuliza chombo gani, kata, chupa ya maji au jagi, na ulikunywa saa ngapi, na bado tunabaki na makadirio. Gongo ndo usiseme, haina lebo, imekatazwa, na nani atakiri mbele ya mgeni. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017, watu wakahamia vichupa vidogo, nasi ikabidi tubadilishe picha tunazowaonyesha.

Kitu kingine ambacho wanaopanga tafiti kutoka mbali huwa wanakisahau, swali linasema "siku 30 zilizopita". Ukija kuliuliza Tanga wiki ya Idi el Fitri, karibu siku zote hizo 30 ni Ramadhani! Mvutaji alikuwa hagusi mchana, mnywaji kapumzika, chakula ni futari, mihogo na magimbi ya nazi, kaimati, tambi. Takwimu zitatoka safi mpaka ushangae, na mwezi unaofuata hazina maana. Na matunda vilevile, msimu wa machungwa ya Muheza na nje ya msimu ni majibu mawili tofauti. Kinachoshauriwa ni gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, tunaita mafungu matano, chungwa moja la kati ni fungu moja, mchicha uliopikwa nusu kikombe ni fungu moja. Kachumbari kiduchu pembeni ya wali haifiki popote.

Chumvi hatuulizi sana, nani anajua kaweka gramu ngapi kwenye mchuzi wa samaki? Kikomo ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na nyingi inayoliwa hutoka mwilini na mkojo, kwa hiyo tafiti zingine zinakuomba mkojo tu. Usikasirike.

Nyumbani anachaguliwa mtu mzima mmoja kwa bahati nasibu, na akichaguliwa baba aliyeko baharini msimtoe babu wa barazani ajibu badala yake, maana wavuvi wote wakikosekana tutabaki na tabia za wanaoshinda nyumbani. Tutarudi jioni. Omba muongee pembeni, mama mkwe asisikie, na swali usilotaka una haki ya kulikataa. Presha utapimwa mara tatu, ya kwanza huwa inapanda kwa wasiwasi kwa hiyo tunachukua wastani wa mbili za mwisho, na majibu yako unaambiwa pale pale.