Mtaalamu wa kinga ya mwili chuoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nikienda msibani au harusini hakosi shangazi wa kunivuta pembeni: "Daktari, hebu nitazamie hili goti." Namjibu kwa heshima kwamba udaktari wangu ni wa shahada ya uzamivu, si wa kutibu. Nafundisha chuoni namna mwili unavyojikinga na maradhi, natafiti kinga hiyohiyo, na nimo katika kamati inayosimamia usalama wa maabara zetu. Swali la pili huwa ni: "Sasa kazi tatu zote hizo unaziwezaje?" Hapo ndipo dhana ya kwanza ilipo. Kwangu ni kazi moja.

"Cha kuogopa maabara ni VVU"

Wanafunzi wapya karibu wote wanaamini hivi. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini B, kwa mtu ambaye hajachanjwa, ni kati ya watu 6 na 30 katika kila 100. Hebu zitazame namba hizo mbili tena.

Ndiyo maana somo langu la kumbukumbu ya kinga, yaani jinsi mwili unavyokumbuka kijidudu, linaanzia kwenye mkono wa mwanafunzi mwenyewe. Dozi ya kwanza ya chanjo ya homa ya ini B inaziamsha seli za kinga, zinazofuata zinazifundisha na kuzizidisha. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu unapima damu, maana wapo ambao mwili wao hauitikii, na asiyepima hawezi kujijua. Siku hiyo darasani nimefundisha imunolojia, yaani elimu ya kinga ya mwili, au usalama wa maabara? Siwezi kuvitenganisha. Kwa hiyo hata wanaosema kufundisha kunamchelewesha mtafiti, sikubaliani nao, japo najua kwamba vyeo hupandishwa zaidi kwa machapisho kuliko kwa vipindi.

"Mtafiti asiyegundua kitu amepoteza muda"

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilitengenezwa mwaka 1987. Majaribio yake makubwa yalianza 2009 katika nchi saba za Afrika, yakihusisha watoto zaidi ya 15,000, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa matumizi mapana mwaka 2021. Ni miaka 34. Wapo waliotumia sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi wakipima kingamwili za watoto, zile protini za damu zinazopambana na vijidudu, tyubu baada ya tyubu, na hakuna hata mmoja wao aliyepoteza muda.

"Nimevaa koti na glavu, niko salama"

Glavu inazuia kumwagikiwa. Hewa haizuii, wala sindano. Hatari zaidi ni kuyachanganya makabati mawili ambayo kwa macho yanafanana. Moja linakinga sampuli tu: hewa iliyochujwa inapita juu ya sampuli na kukupuliza wewe usoni. La pili ndilo kabati la usalama. Linavuta hewa kuingia ndani kwa mbele na kuichuja kabla ya kuitoa. Nimewahi kumkuta mtu mzoefu, msomi mzuri, anafungua damu ya wagonjwa kwenye lile la kwanza.

Spiriti nayo: ya asilimia 70 inaua vijidudu vizuri kuliko ya asilimia 95, kwa sababu yale maji yanaisaidia kupenya na kuichelewesha kukauka. Kali zaidi si bora zaidi.

Halafu kuna ule mkanda unaobandikwa kwenye mfuko wa taka kabla haujaingia kwenye otoklevu, mtambo wa mvuke unaoua vijidudu. Mistari ikigeuka myeusi, mtu anasema taka zimeiva, zitoke. Mkanda unakwambia tu kwamba joto lilifika pale ulipobandikwa, nje ya mfuko. Kama mfuko umeshindiliwa na kufungwa kwa kukazwa, mvuke haufiki katikati. Sisi tunaweka katikati ya mzigo kichupa chenye spora, yaani mbegu ngumu, za bakteria anayehimili joto kali, kisha tunakiotesha. Kikibaki zambarau, wamekufa. Kikigeuka njano, wako hai, na mzigo wote unarudi. Mara ya kwanza kuona ile njano nilisimama kimya, nikiwafikiria wazoa taka waliokuwa wakibeba mifuko yetu mikono mitupu.

"Ajali ya maabara humkuta aliyemo maabara"

Mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Akapona. Lakini aliyekufa wa mwisho ni Janet Parker, mpigapicha wa chuo cha tiba Birmingham, Uingereza, Septemba 1978. Hakuwa mtafiti wa ndui. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu ya maabara iliyofuga virusi hivyo. Alikuwa amechanjwa mwaka 1966, miaka 12 nyuma, na kinga ilikuwa imeshapungua. Baada yake, akiba za virusi zilikusanywa, na leo zimebaki rasmi sehemu mbili tu, Atlanta, Marekani, na Koltsovo, Urusi. Kila nikisaini kibali cha utafiti, nauliza kwanza: ghorofa ya juu kuna nani?

"Msimamizi wa usalama ni askari"

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Kijana mmoja alijichoma alipokuwa akirudishia kifuniko cha sindano, jambo lisilotakiwa kabisa. Akanyamaza siku mbili akihofia kufukuzwa chuo. Dawa za dharura za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema iwezekanavyo. Alikuja jioni ya siku ya pili, mikono inatetemeka, akaanza dawa usiku uleule. Vipimo vyake vyote vilivyofuata vilikuwa salama.

Fomu yetu ya ajali wakati ule ilianza na swali, "Nani alihusika na kosa?" Tuliifuta. Sasa mstari wa kwanza unauliza: "Umeshaosha kidonda kwa maji na sabuni?" Wa pili una namba ya simu inayopokelewa hata usiku.