Kusoma Tangazo la Kazi ya Mkemia wa Kiwandani

Vijana waliohitimu kemia hunitumia matangazo ya kazi wakiniuliza kama wanafaa kuomba, na mara nyingi nagundua kwamba wamesoma cheo tu. Cheo hakisemi mengi: mkemia wa kiwanda kimoja hushinda akipima sampuli za bechi, yaani kila fungu la bidhaa linalotengenezwa kwa pamoja, ilhali mwenzake wa kiwanda cha rangi hubuni fomula, akipunguza resini hapa na kuongeza kiyeyushi pale hadi rangi ishike ukutani bila kuchuruzika. Mimi huanza kusoma chini, kwenye mashine na viwango vilivyotajwa, maana hapo ndipo mwajiri anapoifichua kazi yenyewe.

Nafasi nyingi za kuanzia ziko katika udhibiti wa ubora, si utafiti. Kikitajwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara ambacho toleo lake la sasa ni la 2017, ujue ni maabara ya upimaji au ugezi (kuhakiki usahihi wa vifaa vya kupimia), na kwamba sehemu kubwa ya siku yako itakwenda kwenye kumbukumbu. Ukiona "uthibitishaji wa mbinu", utatakiwa kuonyesha kwa takwimu kwamba mbinu inapima kile inachodai kupima, na kwamba majibu yake hayayumbi kipimo kikirudiwa.

Wanapodai uzoefu wa kromatografia ya kimiminika, yaani mashine inayotenganisha viambato vya sampuli kwa kuisukuma ndani ya safu, bomba lililojazwa chembe ndogo, hawaulizi kama unajua kubonyeza kitufe cha kuanzisha. Katika usaili mimi huuliza: shinikizo la safu limepanda ghafla, utafanya nini? Aliyewahi kuishika mashine hiyo huniuliza kwanza kama kuna bafa ya fosfeti (mmumunyo wa chumvi unaotuliza kiwango cha asidi) iliyokutana na kiyeyushi cha asetonitraili kwa wingi, kwa sababu chumvi hizo huganda na kuziba njia. Aliyekariri kitabu huanza kunieleza nadharia ya utenganishaji. (Naikubali pia, lakini haizibui safu.)

Swali langu la pili linahusu uaminifu. Ni saa tisa usiku, bechi inasubiri kupakiwa, na titresheni ya Karl Fischer, mbinu ya kupima maji kwenye sampuli, inaonyesha maji asilimia 0.52 wakati kikomo ni 0.50. Wengi hujibu kwamba watarudia kipimo, na wakipata 0.49 wataandika hiyo. Mwaka 1993 mahakama moja ya Marekani, katika kesi ya serikali dhidi ya kampuni ya dawa ya Barr Laboratories, ilikataa tabia hiyo ya kupima na kupima hadi dawa ifaulu. Jibu ninalolitafuta ni kuiandika 0.52 kama ilivyo, kumwarifu msimamizi, kisha kuchunguza hesabu, kitendanishi (kemikali ya kupimia) na jinsi sampuli ilivyochukuliwa, kwani unyevu wa hewa huingia kwa urahisi kwenye chupa iliyoachwa wazi. Kipimo hurudiwa pale tu utaratibu ulioandikwa unaporuhusu.

Kuhusu miaka ya uzoefu inayotajwa, msitishike sana. Tangazo linalodai miwili mara nyingi hupokea aliyefanya mafunzo kazini kwa dhati. Ila katika wasifu msiandike "ujuzi wa vifaa vya maabara". Andikeni mashine, aina ya sampuli, mlichokuwa mnakipima, na hitilafu moja mliyoitatua wenyewe. Na kabla ya kutia sahihi mkataba, ulizeni zamu za usiku ni ngapi kwa mwezi, kwa sababu tanuri la saruji halizimwi jioni na maabara yake hailali.