Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa udaktari afundishwe kuuliza kuhusu saumu kabla ya kuandika dawa?

Dawa inapoandikwa "kutwa mara tatu", kidonge kimoja huangukia mchana. Mwislamu aliyefunga Ramadhani hawezi kukimeza, kwa kuwa kumeza chochote kwa makusudi kati ya alfajiri na magharibi hubatilisha saumu. Daktari asipoligusia jambo hilo, mgonjwa hujiamulia mwenyewe: hukiacha, au humeza viwili kwa mpigo baada ya futari.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha udaktari vijana wa mikoa mingi, wengine wakiwa wamekulia penye Waislamu wachache, ilhali mkoani humo wapo Warangi wa Kondoa, ambao wengi wao ni Waislamu.

Hatari huonekana waziwazi katika kisukari. Glibenklamidi, kidonge cha kisukari, huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hata tumbo likiwa tupu, hivyo aliyeimeza wakati wa daku anaweza kufika alasiri akitetemeka na kutokwa jasho, asijue kwamba sukari imeshuka. Utafiti wa mwaka 2001 katika nchi 13 ulionyesha kwamba asilimia 79 hivi ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga siku zisizopungua 15, na kwamba visa vya sukari kushuka vibaya miongoni mwa kundi hilo viliongezeka takriban mara saba na nusu.

Ni rahisi kwa mwanafunzi kusoma kwamba Kurani, katika sura ya Al-Baqara, imemruhusu mgonjwa kula na kuzifunga siku hizo baadaye, kisha akaamuru tu "usifunge". Ruhusa ipo, ila mtu anayejiona ana nguvu hafuati amri hiyo. Hufunga na kunyamaza, na daktari hubaki gizani. Heri kuuliza mapema, mwezi wa Rajabu au Shaabani: "Shikamoo mama. Ramadhani hii umekusudia kufunga?" Akisema ndiyo, dawa zinaweza kupangwa upya kati ya futari na daku, naye aelezwe kupima sukari mchana (wanazuoni wengi wanaona kutoboa kidole hakubatilishi saumu) na kufungua papo hapo ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Miongozo ya Ulaya kuhusu saumu ndefu za kiangazi haihusu sana hapa, kwani Dodoma saumu huwa ya saa 13 na ushei mwaka mzima.

Kwa asiyefaa kufunga kabisa, shehe wa msikiti wake huenda akasikilizwa kuliko daktari, hasa akimweleza kwamba mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku aliyokula.