RAM ikikosea, mfumo endeshi usikae kimya

Mei 2003, kwenye uchaguzi wa Ubelgiji, kompyuta ya kura huko Schaerbeek, Brussels, ilimwongezea mgombea mmoja kura 4,096. Kosa liligundulika kwa kuwa kura zake zilizidi idadi iliyowezekana. Programu ikakaguliwa, haikuonekana na kasoro. Sasa, kompyuta huandika namba kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1, na 4,096 ndiyo thamani kamili ya biti ya 13 kutoka kulia. Wataalamu wakabaki na maelezo mamoja: biti moja kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, iligeuka yenyewe, kutoka 0 ikawa 1.

Kazi yangu ni kutunza seva, na kisa hiki hunikosesha raha mpaka leo, kwa sababu mashine iliendelea kuhesabu kama kawaida. Haikujua. Kompyuta nyingi za nyumbani nazo hazijui. Chukua bei ya shilingi 50,000: biti ya 15 ikizimika, inasomeka 33,616, na hakuna atakayeonywa.

RAM ya ECC, yaani yenye uwezo wa kujirekebisha makosa, kwa kawaida huweka biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64 za data. Ikigeuka biti moja, inarekebishwa papo hapo. Zikigeuka mbili, kosa linajulikana ila halirekebishiki, na hapo ndipo mfumo endeshi, programu kuu inayoendesha kompyuta, unapopimwa.

Kuzima mashine nzima ni salama, lakini mara nyingi ni kuchoma nyumba kwa ajili ya panya mmoja. Tangu toleo la 2.6.32, la mwaka 2009, mfumo endeshi wa Linux una njia ninayoiunga mkono kabisa. Prosesa ikipiga kelele, kiini cha mfumo (kernel) hutafuta ukurasa wenye ubovu, yaani kipande cha kumbukumbu, kwa kawaida cha kilobaiti 4, na kuutia alama kwamba una sumu, asipewe mtu tena. Kisha kinaangalia ni wa nani. Ukiwa nakala ya faili ambayo haijabadilishwa, unatupwa na kusomwa upya kutoka kwenye diski. Programu haihisi chochote. Ukiwa data ya programu isiyo na nakala popote, programu hiyo hupewa ishara ya SIGBUS, yaani taarifa kwamba kumbukumbu yake haisomeki, na isipojua kuidaka, inakufa peke yake. Ukiwa wa kiini chenyewe, mashine isimame. Kiini kisichoweza kujiamini kisiachiwe kuandika kwenye diski zetu.

Ninachogombana nacho ni makosa yaliyorekebishwa. Wengi huyapuuza: si yamesharekebishwa? Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM hupata makosa kila mwaka, na kilichokosea mara moja huelekea kukosea tena. Kwa hiyo anwani ileile ya kumbukumbu ikirudiarudia makosa, mfumo uhamishe data mapema na kuufunga ukurasa huo. Linux inaweza kufanya hivyo, lakini mara nyingi lazima mtu awe amewasha huduma ya kufuatilia makosa hayo, kama rasdaemon.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja seva ikiwa imeshazimika. Rekodi zilionyesha wiki mbili za makosa yaliyorekebishwa, yote kutoka sloti moja. Hakuna aliyezisoma.

Ukiwa na seva ya Linux, fungua /proc/meminfo leo na utafute mstari wa HardwareCorrupted. Ukikuta namba isiyo 0, hamisha kazi muhimu kwanza, kisha tafuta RAM nyingine.