Je, wajua kwa nini Denis Irwin anakumbukwa sana, ilhali karibu hakuna anayekumbuka alivyokuwa akikaba?

Waulize mashabiki wa Manchester United walioifuata timu miaka ya 1990 wakuchagulie namba tatu, yaani beki wa kushoto, bora wa wakati wote. Wengi watamtaja Denis Irwin kabla hujamaliza swali. Kisha waombe wakusimulie siku moja tu alipompokonya mtu mpira. Hapo watanyamaza kidogo. Watakumbuka frikiki yake pale Anfield, uwanja wa Liverpool, tarehe 4 Januari 1994, siku United walipoongoza 3-0 na mechi ikaisha 3-3. Watakumbuka penalti zake. Ila kukaba, ambako ndiko kulikompa ajira kwa miaka 12, hakuwaachii picha hata moja. Inawezekanaje sifa kubwa hivyo isiwe na ushahidi wa macho?

Historia yake inasemeka kwa ufupi. Alizaliwa Cork, Ireland, mwaka 1965. Alianzia Leeds United, wakamwachia bure mwaka 1986 akaenda Oldham Athletic, na majira ya joto ya 1990 kocha wa Manchester United, Alex Ferguson, akamnunua kwa pauni 625,000. Alicheza mechi 529 mpaka 2002, wastani wa mechi 44 kila msimu, akafunga mabao 33 na kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu mara saba. Timu ya taifa ya Jamhuri ya Ireland aliichezea mara 56. Alikuwa na kimo cha takriban sentimita 173, kwa hiyo wala si mwili uliowatisha mawinga.

Kinachotupotosha ni imani ambayo wengi wetu tulikua nayo: kwamba beki mzuri ni yule anayeingia miguuni mara nyingi. Anateleza, anaung'oa mpira, winga anabiringita, uwanja unalipuka. Imani hii ina mantiki yake. Mshambuliaji tunampima kwa mabao, kipa kwa mipira aliyookoa, basi na beki tumhesabie mipira aliyopokonya. Kasoro ni kwamba bao ndilo lengo la mshambuliaji, lakini kupokonya mpira si lengo la beki. Lengo lake ni timu pinzani isipate nafasi. Kuteleza miguuni kwa winga mara nyingi ni dawa ya dharura, inayotumika baada ya jambo la awali kuharibika: beki alichelewa kusogea, au alisimama upande usio sahihi, au aliyetakiwa kumsaidia hakuwepo. Ukihesabu dawa alizomeza mtu kisha ukasema huyu ndiye mwenye afya kuliko wote, umeisoma hesabu kinyume.

Runinga nayo iliizidishia nguvu imani hiyo. Kamera hufuata mpira. Winga asipopewa mpira kwa sababu kiungo alitazama upande ule, akaona Irwin amekwisha kusogea, akaamua kuupeleka kwingine, watazamaji wa kibanda umiza wataona kiungo akipiga pasi ya kurudi nyuma, basi. Sababu ya pasi ile imesimama nje ya picha. Vipindi vya marudio ndiyo kabisa: huonyesha nafasi zilizopatikana, na nafasi isiyopatikana haina mkanda. Aliyeketi jukwaani aliweza kuona uwanja wote kwa wakati mmoja, na ndiyo maana heshima ya Irwin ilitangulia kukolea kwa waliokuwa wakienda Old Trafford, uwanja wa United.

Kuna mfano unaopendwa sana katika mjadala huu, nao unahitaji tahadhari. Agosti 2001 United walimuuza beki wa kati Jaap Stam kwa Lazio. Simulizi inayorudiwa ni kwamba takwimu zilionyesha Stam anapokonya mipira michache kuliko zamani, ikadhaniwa ameisha. Ferguson mwenyewe alipoeleza baadaye alitaja mambo mengine: Stam alikuwa ametoka kwenye jeraha la kano ya kisigino, na pauni milioni 16.5 kwa beki wa miaka 29 zilikuwa ngumu kukataa. Kisha akakiri kwamba kimpira lilikuwa kosa. United walikuwa wameruhusu mabao 31 ya ligi msimu wa 2000–01. Msimu uliofuata wakaruhusu 45. Si haki kuyabebesha mabao yote hayo kuondoka kwa mtu mmoja, kwani mengi yalibadilika mwaka ule. Lakini hata ukiiondoa simulizi ya takwimu, somo la hesabu linabaki: idadi ndogo ya mipira iliyopokonywa yaweza kuwa dalili ya beki aliyechoka, au ya beki asiyelazimika kupokonya. Namba peke yake haikuambii ni yupi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Fikiria mchunga mbuzi. Ukimkimbilia mbuzi umkamate, anakukwepa, tena anaweza kukupeleka mpaka shamba la jirani. Mchungaji anayejua kazi hakimbilii. Anasimama hatua chache upande ambao hataki mbuzi apite, anatembea naye sambamba, na mbuzi mwenyewe anachagua njia ya zizini kwa sababu ndiyo iliyobaki. Beki wa pembeni hufanya hivyohivyo. Upande wa ndani, unaoelekea katikati ya goli, ndio shamba la jirani. Mstari wa pembeni ndio ua.

Namba tatu anayetaka kumpeleka winga nje husimama kidogo upande wa ndani, mwili umekaa mshazari kuelekea mstari, mguu wa kulia mbele na wa kushoto nyuma, magoti yamekunjwa, uzito ukiwa kwenye nyayo za mbele. Mguu ule wa mbele umeifunga njia ya ndani, na kiuno kimeshageuka nusu kuelekea nyuma, hivyo winga akitoka nje beki anaanza kukimbia bila kugeuka kwanza. Anayesimama miguu sambamba, kifua wazi kwa winga, hupatwa na mawili: ama anapigwa tobo, yaani mpira unapitishwa katikati ya miguu yake, ama anapitwa, kwa sababu inambidi kuuzungusha mwili mzima kabla ya hatua ya kwanza.

Umbali je? Hapa pana mvutano wa nguvu mbili, na pananivutia kuliko kote. Washa taa ya chemli usiku, weka kiganja karibu na kioo: kivuli kinafunika ukuta mzima. Rudisha kiganja nyuma, kivuli kinasinyaa. Mguu wa beki nao uko hivyo mbele ya mpira. Mguu ulionyooshwa sentimita 80 kutoka mwilini, ukiwa mita moja mbele ya mpira, unaziba pembe ya karibu nyuzi 39. Ukiwa mita tatu, unaziba nyuzi 15 tu, na krosi inapita pembeni yake bila shida. Kwa hesabu ya kivuli, beki angepaswa kumganda winga muda wote.

Nguvu ya pili inamkataza. Jicho likiona mwendo, mwili unahitaji karibu robo ya sekunde kabla ya kuitika. Winga anayekimbia mita 7 kwa sekunde, katika robo ile, ameshakwenda mita 1.75. Beki aliyesimama nusu mita kutoka kwake ameachwa kabla misuli yake haijapata habari. Ndiyo maana, winga akiwa na mpira na anakutazama usoni, umbali unaofaa huwa mita moja na nusu hadi mbili. Kipimo hiki si amri. Mwenye kasi kubwa huongezewa nafasi, na ndani ya eneo la hatari nafasi hupunguzwa, maana pale hata upenyo wa shuti ni mauti.

Ufundi basi uko katika kujua ni lini uivuke ile mita mbili. Nyakati zake ni chache na zinaonekana. Mpira ukiuponyoka mguu wa winga kwa zaidi ya urefu wa mkono, nenda, ukautoe kwa mguu ulio karibu nao bila kulala chini. Winga akiinamisha kichwa na kuurudisha mguu nyuma ili apige krosi, nenda, maana kwa karibu nusu sekunde hawezi kubadili uamuzi. Sogea mpaka kwenye mita moja na kivuli chako kinakua. Nje ya hapo, subiri. Kosa la mabeki wengi ni uvumilivu kuisha. Winga anatikisa mwili mara mbili, mpira haujasogea popote, beki anauvamia. Dawa yake ni kutazama mpira, kwa sababu mabega na nyonga hudanganya, lakini mpira hauna hila.

Mtu atauliza: winga wa kulia wa enzi zile, kama Stuart Ripley wa Blackburn au Darren Anderton wa Tottenham, alitumia mguu wa kulia, kumpeleka nje si kumpa krosi anayoitaka? Ndiyo, na hayo ni mabadilishano yanayofanywa kwa makusudi. Krosi ya kutoka kwenye kona, iliyopigwa kwa haraka na mguu wa beki ukiwa njiani, ilikuwa inaelekea kwa mabeki wa kati Steve Bruce na Gary Pallister, mwenye takriban sentimita 193, na kipa Peter Schmeichel. Kumruhusu aingie ndani kungewatoa mabeki wa kati kwenye sehemu zao. Kwa hiyo Irwin hakuwa akimzuia winga asifanye lolote. Alikuwa akimchagulia jambo ambalo wenzake wanaliweza.

Kabla ya yote hayo kuna jambo la mapema zaidi, lisiloonekana hata kidogo. Pasi ndefu ya mita 30, ikienda kwa wastani wa mita 15 kwa sekunde, hukaa njiani sekunde mbili. Beki akikimbia mita 6 kwa sekunde, anafika umbali wa mita 12. Akisoma pasi nusu sekunde kabla haijapigwa, ameongeza mita 3, na hizo ndizo hutenganisha winga anayeupokea mpira akiwa amelipa goli mgongo na winga aliyekwisha kugeuka. Winga aliyelipa goli mgongo huurudisha mpira kwa mwenzake, na shambulio limekufa pasipo mtu kuguswa. Kinachoharibika hapa ni breki: anayefika mbio bila kupunguza mwendo mita tatu za mwisho hupitwa kwa mguso mmoja.

Liko pia suala la miguu. Irwin alikuwa mtu wa mguu wa kulia, na msimu wake wa kwanza United alicheza namba mbili, yaani beki wa kulia. Alipokuja Paul Parker mwaka 1991 akahamia kushoto, na huko ndiko alikokaa. Wengi hudhani namba tatu lazima awe wa mguu wa kushoto, na dhana hii si ya kupuuza. Pasi ya mguu wa kulia inayopigwa kando ya mstari wa kushoto hupinda kuelekea nje, ya mguu wa kushoto hupinda kurudi uwanjani. Asiyetumia mguu wa kushoto hulazimika kuuweka mpira sawa kwanza, na mguso huo wa ziada humpa mkabaji muda wa kusogea mita tatu. Irwin hakuuhitaji, kwa kuwa aliitumia miguu yote miwili, na Ryan Giggs aliyekuwa mbele yake aliupata mpira wakati bado kuna nafasi. Sheria ya 1992 iliyomkataza kipa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake iliwaumbua mabeki wengi wa mguu mmoja, kwani sasa iliwabidi wautoe mpira wenyewe. Kwake ilipita kama siku nyingine.

Haifai kumpa yeye peke yake sifa ya ukuta ule. United waliruhusu mabao 28 katika mechi 42 za ligi msimu wa 1994–95, na hayo ni matunda ya kipa na safu nzima. Lakini aliyekuwa akipanga timu alikuwa na neno lake. Ferguson alisema kwamba akitakiwa kuunda kikosi cha wachezaji wake bora, Irwin ndiye mwenye nafasi ya uhakika, na alikuwa akimwita Denis wa nane kwa kumi, kwa maana ya alama alizopata karibu kila mechi. Alisimulia pia pasi fupi ya Irwin kwa kipa dhidi ya Arsenal, iliyomfikia Dennis Bergkamp akafunga. Waandishi walipomuuliza kama amekasirika, alijibu kwamba kosa moja katika miaka kumi si baya.

Tukio lake linalorudiwa zaidi kwenye kumbukumbu za 1999 nalo halihusu kukaba. Tarehe 5 Mei pale Anfield alifunga penalti, kisha akaonyeshwa kadi ya pili ya njano kwa kuupiga mpira uliokwisha kutoka nje. Akaikosa fainali ya Kombe la FA. Siku nne baada ya fainali hiyo alirudi kushoto kwake kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya pale Camp Nou, Barcelona, United wakaifunga Bayern Munich 2-1 na kukamilisha mataji matatu.

Aliaga Old Trafford tarehe 12 Mei 2002, akiwa amevaa kitambaa cha unahodha, dhidi ya Charlton Athletic. Mechi iliisha 0-0.