Joto la kaskazi na siku ya zege: maswali ya mafundi na vibarua

Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, Dar es Salaam huwa na fukuto lisilomwacha mtu hata usiku. Mwenye ofisi huwasha kiyoyozi. Saidia fundi mwenye karai begani hana pa kulikimbilia joto hilo, wala mama lishe aliyeinamia jiko la mkaa chini ya bati. Maswali yaliyopo hapa ndiyo yanayorudi kila mara tunapozungumza na watu wa saiti.

Sisi watu wa Pwani tumezaliwa na joto. Kweli linaweza kumuua mtu kazini?

Ndiyo, linaua. Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba wafanyakazi 18,970 hufariki kila mwaka kwa sababu ya joto kali kazini, na ajali zinazotokana na joto hilo hufikia milioni 22.85. Kuzoea joto la kukaa barazani si sawa na kuzoea joto la kazi. Mtu anayepandisha mfuko wa saruji wa kilo 50 ghorofani anatengeneza joto jingine mwilini mwake, na njia kuu ya kulitoa ni jasho kukauka juu ya ngozi. Jasho linalotiririka na kudondokea chini halijampoza. Pwani hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho linachelewa kukauka. Ndiyo maana nyuzijoto 32 za Dar zinamchosha mtu kuliko nyuzijoto 32 za Dodoma.

Nitajuaje kwamba joto limeanza kunidhuru?

Harara shingoni na mgongoni, au misuli ya miguu na tumbo kukaza, ni dalili za mapema. Zikifuatiwa na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na mkojo mchache wenye rangi nzito, mwili umeshaelemewa. Hapo mtu bado anajitambua. Aache kazi, akae kivulini na anywe maji kidogo kidogo, na asirudi kwenye kazi nzito siku hiyo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, apelekwe hospitali.

Hatari kubwa ni kiharusi cha joto. Joto la mwili hufika nyuzi 40 au kupita, na ubongo huanza kuathirika. Dalili yake huonekana kwenye tabia kabla ya kitu kingine: fundi mpole anakuwa mkali, anajibu hovyo, anapepesuka, anatafuta koleo ambalo amelishika mkononi. Wenzake wanacheka kwamba jana alikunywa gongo, au foremani anasema anatega kazi. Tafadhali, mtu akianza kuongea hovyo juani, chukulieni kwamba ni joto mpaka ithibitike vinginevyo. Wala msingoje ngozi yake ikauke. Wengi tulifundishwa kwamba mgonjwa wa aina hii hatoki jasho, lakini anayefanya kazi nzito anaweza kuanguka akiwa amelowa chapachapa.

Ameshaanguka. Tufanye nini kabla ya gari kufika?

Mpozeni hapo hapo. Mmoja apige simu na kutafuta gari, wengine waanze kazi bila kungoja. Mlazeni kivulini, mvueni helmeti, reflekta, buti na ovaroli. Kisha mmwagieni maji mwili mzima, kwa mpira au ndoo baada ya ndoo, huku mwingine akimpepea kwa kipande cha boksi. Yawe maji safi, siyo ya pipa lenye saruji, kwa sababu hayo huunguza ngozi na macho. Kama jirani kuna muuza vinywaji, chukueni barafu yake, ifungeni kwenye khanga na kuiweka shingoni, makwapani na kwenye kinena. Khanga iliyoloweshwa ikishapata moto, iloweshwe upya.

Akiwa amechanganyikiwa au hajitambui, msimpe kitu chochote mdomoni, hata maji. Akitapika au akipoteza fahamu, mlazeni ubavu. Gari likifika, endeleeni kumlowesha na kumpepea njiani, kwa sababu dakika anazokaa na joto lile ndizo zinazoharibu ubongo, ini na figo.

Jambo moja ninaliona sana huku kwetu: mwili wa moto pamoja na kichwa kuuma husomwa haraka kuwa malaria, na mtu anapewa parasetamoli alale. Kipimo cha malaria atafanyiwa hospitalini. Parasetamoli na aspirini haziteremshi joto la aina hii, na zinaweza kumwongezea madhara.

Kijana aliyeanza Jumatatu ameanguka Jumanne, wazee wako salama. Si mlegevu tu huyo?

Hapana, na swali hili ningependa kila foremani akae nalo. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kujifunza kufanya kazi juani. Katika siku hizo jasho hujifunza kutoka mapema na kwa wingi, chumvi inayopotea hupungua, na moyo huacha kwenda mbio kwa kazi ile ile. Mzee wa saiti ana mwili uliokwisha kufundishwa. Kijana aliyeshuka jana kutoka Njombe au Mbeya, kwenye baridi, bado hana.

Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa afya kazini ni hii: mgeni apewe asilimia 20 ya kazi ya juani siku ya kwanza, aongezewe asilimia 20 kila siku. Kwa siku ya saa nane, ina maana kama saa moja na nusu tu siku ya kwanza. Muda uliobaki anyooshe misumari, akate nondo kivulini, apange mbao. Aliyetoka likizo au kitandani naye aanze polepole. Kibarua mgeni hawezi kujisimamia katika hili. Analipwa kwa siku, anajitutumua ili kesho aitwe tena, na hatasema kwamba amechoka. Anayegawa kazi asubuhi ndiye mwenye wajibu wa kumzuia.

Ninywe maji kiasi gani? Na chumvi je?

Kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, hata kabla ya kiu. Usivuke lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi kupita kiasi huizimua chumvi ya damu. Kwa walio wengi chumvi ya chakula inatosha, kwa hiyo usiruke wali maharage wa mchana. Ukitoka jasho saa nyingi mfululizo, tumia ORS ya dukani, au lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Madafu ni mazuri, ila chumvi yake ni kidogo. Vinywaji vya kuongeza nguvu visikudanganye, vinaficha uchovu ambao mwili ulitaka uusikie.

Nao wanawake wa saiti wengi hujizuia kunywa kwa sababu hakuna choo cha kuwasitiri. Bila choo, ndoo ya maji uliyowawekea haitawafaa.

Na mwezi wa Ramadhani?

Mwaka 2026 mfungo uliangukia Februari na Machi, kaskazi yenyewe. Kazi nzito zifanyike mara baada ya alfajiri, au zihamie usiku baada ya futari, na mchana wabaki na kazi za kivulini. Aliyeanza kuona kizunguzungu ni mgonjwa, na dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye.

Lakini zege halilali. Tukishaanza kumwaga hatuwezi kupumzika.

Msemo huo una ukweli. Zege likikatizwa ovyo katikati ya slabu linaacha mahali dhaifu. Lakini hakuna sheria ya ufundi inayosema lianze saa tatu asubuhi na kukutana na jua la saa saba. Anzeni saa kumi na moja alfajiri, taa zikiwa zimefungwa tangu jana. Gawaneni makundi mawili, moja likibeba, jingine likae kivulini dakika 10 au 15, kisha mbadilishane, zege liendelee bila watu kukatika pumzi. Kivuli ni turubai juu ya mirunda minne. Kila mtu awe na mwenzake wa kumwangalia usoni.

Zege lenyewe haliwezi jua. Likikauka haraka linapasuka, ndiyo maana fundi analifunika kwa magunia na kulimwagilia maji siku saba, asubuhi na jioni, na hakuna bosi anayeona huko ni kupoteza muda. Turubai na maji ya kunywa ya waliolimwaga vinastahili kuwepo saiti kabla ya magunia hayo.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mapumziko ya angalau dakika 60 anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano.

Ndugu zetu walioko Ghuba wanajua hatua iliyo wazi zaidi. Oman, kuanzia Juni hadi Agosti, kazi za juani husimama saa 6:30 hadi 9:30 mchana. Qatar, tangu mwaka 2021, husimama saa 4:00 asubuhi hadi 9:30 alasiri, kuanzia Juni mosi hadi katikati ya Septemba. Mkandarasi wa Dar anaweza kuamua hivyo hivyo kwa Februari yake, bila kungoja kuagizwa.

Nikishapumzika jioni, si yamekwisha?

Si lazima. Huko Nicaragua na El Salvador, wakata miwa vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu wamekuwa wakifa kwa ugonjwa wa figo, na kazi nzito ya kila siku kwenye joto bila maji ya kutosha ni mshukiwa mkubwa. Kwetu kuna tabia inayoongeza hatari hiyo: kumeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ili mgongo uvumilie, kisha kushinda juani. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwili uliokauka unazitesa zaidi. Anayetumia dawa za shinikizo, hasa zile za kukojoza, amweleze daktari kwamba anafanya kazi juani, asiziache mwenyewe. Na mkojo ukibaki na rangi ya chai ya rangi hadi asubuhi ya pili, ilhali umekunywa maji, usirudi saiti siku hiyo. Nenda kituo cha afya, waambie kazi yako ni ipi, na uombe figo zipimwe.